Katoni za Kwenye Skrini

Skrini ilisema tuna katoni mia moja na sita za filta za kusafishia damu. Kwenye rafu zilikuwa kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili kwa macho na mara ya tatu kwa kuzigusa moja moja, na mara zote tatu zilikuwa kumi na nne. Mkurugenzi aliamini skrini.

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali. Kazini wananiita Stoo, kama vile sina jina jingine, na nimeshazoea. Filta ninazozizungumzia ni kitu kama chupa nyembamba ya plastiki, urefu wake toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, ndani imejaa nyuzi nyembamba kuliko nywele. Mtu ambaye figo zake zimekufa, damu yake inapitishwa humo kwa saa nne na kutoka safi. Filta moja, mtu mmoja, zamu moja, halafu inatupwa. Katoni ina filta ishirini na nne. Kitengo kilikuwa na wagonjwa ishirini na sita, kila mmoja zamu tatu kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe: filta sabini na nane kwa wiki, katoni tatu na kidogo. Mzigo ukiagizwa unachukua wiki sita kufika. Kwa hiyo zikibaki katoni ishirini na nne, naandika ombi. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja, na haijawahi kutokea mgonjwa akaambiwa leo hakuna.

Mmoja wa hao ishirini na sita alikuwa dada yangu mkubwa. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la sita, yeye ana cherehani ya kukanyaga na chumba kimoja. Alinilea kwa kushona sare za watoto wa watu wengine. Ya kwangu niliivua mwaka uliofuata nikaenda kubeba mizigo, na hilo hakuwahi kunisamehe. Figo zake ziliharibiwa na presha aliyotembea nayo miaka bila kujua. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana, kiti cha pili kutoka dirishani. Akipita mlangoni pa stoo alikuwa anachungulia na kuuliza, "Mdogo wangu, chakula changu kipo?" Namjibu kipo, pita dada, usinizibie mwanga.

Stoo yangu ina sheria moja: hakuna kufuta. Mtunza stoo aliyenitangulia alitumia kifutio kuliko kalamu. Kitu kikipotea, alifuta namba na kuandika nyingine, na mambo yakaisha hapo. Nilipoingia nikasema hapa hakuna kufuta, hapa ni kuandika upya. Katoni ikitoka stoo kwenda kitengoni, hati. Kitengo kikiazimisha chumba cha dharura, hati. Ikirudi, hati. Ikifunguliwa, hati. Ikiisha, hati ya kusema imeisha. Manesi walininunia mwaka mzima na kuniita Bwana Hati, kisha wakazoea. Kila katoni ina namba yake niliyoibandika kwa mkono wangu, na hati zake zote zina namba hiyo. Hati ya mwisho ndiyo inayosema katoni iko wapi leo. Zilizotangulia zinasema ilikotoka.

Tulipoletewa kompyuta, mama wa takwimu alikaa na mimi stoo siku tatu, kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananiuliza maswali na kuandika. Alitengeneza kanzidata iliyofuata sheria yangu ile ile. Ndani yake kila katoni ilikuwa na mstari wake, na hati zote zimefungwa kwenye namba ya katoni. Ukiuliza zimebaki ngapi, inapita katoni moja baada ya nyingine, inaangalia hati ya mwisho, inajumlisha zile tu ambazo bado zipo. Ilichukua dakika nne, maana hati zilikuwa za miaka mingi na kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe. Katika dakika nne unakunywa maji na kufuta miwani. Jibu likitoka, unakwenda kwenye rafu na kukuta hivyo hivyo.

Hizo dakika nne ndizo zilizotuponza, kwa sababu Mkurugenzi mpya hakuwa nazo.

Alikuja na mtaalamu wake wa kompyuta, mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye viatu vilivyochongoka, ambaye kila alichokigusa alisema sasa kitakwenda fasta. Tukamwita Fasta, na nadhani alipenda. Fasta akatuwekea alichokiita Kitafutio, injini ya kutafuta kama zile za kwenye simu, unaandika neno moja na majibu yanamwagika. Unaandika "filta", na kabla hujanyanyua kidole hati zote zenye neno hilo zimejipanga. Juu yake, kwa tarakimu kubwa, inakaa namba ya zilizopatikana. Kando ya namba hiyo kuna neno dogo la kijivu ambalo mimi nalisoma kwa miwani: takriban.

Sitakisingizia. Kwa kutafuta kilikuwa kizuri. Hati iliyokuwa inanifanya nipekue mafaili nusu siku, kiliitoa papo hapo. Fasta alikiingizia hati za kuanzia mwezi ule, za nyuma akasema ni takataka, nami nikanyamaza kwa sababu sikuulizwa. Ubaya ni kwamba Mkurugenzi aliipenda ile namba ya juu. Alifunga skrini kubwa ukutani ofisini kwake. Wageni wakija anaandika neno, namba inaruka, wageni wanatikisa vichwa. Akatoa amri kwamba hesabu zote za hospitali zitoke hapo. Ripoti za kanzidata zikafungwa, eti zinailemea mashine. Mama wa takwimu, miaka kumi na tisa kazini, akahamishiwa dirisha la kuandikisha wagonjwa, anauliza watu wanaishi mtaa gani.

Zilipobaki katoni ishirini na nne, niliandika ombi kama kawaida. Lilirudi baada ya siku mbili likiwa na muhuri mwekundu wa kukataliwa, na chini yake maneno ya mkono: skrini inaonyesha 47.

Nilidhani kosa liko kwetu. Nilidhani manesi wamelegea, katoni zinahama bila hati, ndiyo maana mashine inaona mzigo ambao haupo. Nikapanda kitengoni kuwabana. Sista, yule nesi mkuu wa kitengo, mama mkavu asiyependa maneno mengi, aliniambia hati zinaandikwa zote. Nikamwambia basi ziandikwe zaidi, hata katoni ikisogezwa kutoka kabati hili kwenda lile, iandikwe. Aliniangalia kama mtu aliyepandwa na homa, lakini akafanya.

Wiki mbili baadaye rafuni zilikuwa kumi na saba. Nikaandika ombi la pili. Likarudi na muhuri ule ule: skrini inaonyesha 88, unaomba nini?

Hakuna gari lililoleta mzigo. Hakuna katoni hata moja iliyopokelewa. Sisi tunatumia, rafu inapungua, na namba inapanda, na katika jengo lenye watu wenye vyeti mpaka vya kutundika ukutani, hakuna aliyejiuliza hizo arobaini na moja zaidi zimeingia kwa mlango gani. Nilimuuliza Fasta kwenye korido. Akasema mfumo unaendelea kugundua mzigo ambao zamani ulikuwa hauonekani. Alisema hivyo akitabasamu, akanigonga begani.

Zilipofika kumi na nne nilipanda mwenyewe kwa Mkurugenzi, bila kuitwa.

Hakunipa kiti. Fasta alikuwepo. Aliandika neno kwenye kisanduku, namba ikaruka ukutani.

"Stoo, hebu soma hapo," Mkurugenzi akasema.

"Takriban mia moja na sita."

"Na wewe una ngapi?"

"Kumi na nne. Twende tukahesabu, bosi. Ni ngazi mbili tu."

Akasema hawezi kushuka stoo kuhesabu maboksi, kwamba mfumo ulinunuliwa ili watu wa ngazi yake wasihesabu maboksi. Nikamwambia rafu zangu za filta zinabeba katoni sitini, hata ukizishindilia kwa goti. Mia moja na sita hazina pa kukaa.

Fasta akageuza kiti. "Umesikia mwenyewe, bosi. Stoo hazienei, na hazipo. Maana yake ziko kwingine." Akanitazama. "Tisini na mbili hazipo, mzee wangu. Zimekwenda wapi?"

"Hazikuwahi kuwepo."

"Mfumo hauna shemeji wala mjomba, haumpendelei mtu," akasema. "Halafu nasikia una dada pale kitengoni."

Sikumpiga. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hospitali nzima ilisema baadaye kwamba nilimkunja shati. Nilimsogelea tu mpaka nikanusa manukato yake, nikamwambia alirudie neno lake taratibu, na hakulirudia. Mkurugenzi akapiga simu kwa walinzi. Saa sita mchana nilikuwa nje ya geti nikiwa na barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi wa upotevu wa katoni tisini na mbili. Funguo zangu alipewa karani wa Fasta, ambaye hajawahi kubeba hata katoni moja ya glavu.

Nilikaa nyumbani siku kumi na tatu. Ninaishi na mke wangu, na dada alikuwa upande wa pili wa uwanja, mlango wake umetazamana na wetu. Jirani aliyekuwa akiniazima ngazi akaanza kusema ngazi imevunjika. Mke wangu alikuwa akinipakulia chakula kama anayemhudumia mgonjwa. Dada peke yake ndiye aliyeligeuza mzaha. Alipiga hesabu mdomoni, pini zikiwa bado kwenye midomo: tisini na mbili mara ishirini na nne. "Filta elfu mbili mia mbili na nane," akasema. "Umezificha wapi, mdogo wangu, chini ya kitanda? Ndiyo maana mkeo analala upande mmoja."

Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba karani wa Fasta anatoa filta bila kuangalia rafu, kwa sababu skrini inamwambia asijali.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumatatu, zamu ya dada, na anayemsindikiza mgonjwa hawezi kuzuiwa getini. Tulipofika dirisha la kuandikisha, mama wa takwimu alikuwa ndani ya kioo. Aliandika jina la dada, akampitisha, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nimsubiri saa ya chakula.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu saa ile. Akakaa, akavua viatu kama alivyokuwa akifanya zamani. Aliniambia nenosiri lake hawajalifunga bado. Walikumbuka kumwondolea meza, hawakukumbuka kumwondolea ufunguo. Akafungua kanzidata na kuiuliza swali lile la kila mwezi. Tukasubiri dakika nne. Alikula ndizi. Mimi nilisimama.

Jibu likatoka: 8.

Sikuwa nimeiona rafu kwa siku kumi na tatu. Nikampigia Sista, nikamwomba aende stoo, amwambie karani anatafuta kitu chochote, ahesabu kwa macho yake. Alinipigia baada ya muda mfupi. "Nane," akasema, na nikasikia pumzi yake ikibadilika, kwa sababu yeye anajua nane maana yake nini kuliko mtu yeyote.

Mama wa takwimu alikuwa ameshafungua Kitafutio kwenye dirisha la pembeni. Aliandika filta. Takriban 137. Kisha akachagua katoni moja, namba mia tatu kumi na saba, akanionyesha ilivyohesabiwa. Kuingia stoo, moja. Kwenda kitengoni, mbili. Kuazimwa na dharura, tatu. Kurudi, nne. Kuhamishwa kabati, tano, hiyo niliyoagiza mimi. Kufunguliwa, sita. Ya saba ilikuwa hati ya kusema katoni mia tatu kumi na saba imekwisha, haipo tena. Hata hiyo ina neno filta, kwa hiyo hata hiyo imehesabiwa.

"Stoo," akasema, "nikikuuliza jina lako limeandikwa mara ngapi kwenye daftari la mahudhurio, utaniambia mara mia tatu. Je, mko mia tatu?"

"Niko mmoja."

"Basi. Hiki ni cha kutafuta. Unakiuliza hati za filta ziko wapi, kinakuletea, tena haraka. Hakijui kwamba hati saba ni katoni moja. Hakikuumbwa kujua, na hata hiyo namba yenyewe kinaikadiria, kimekuandikia pale ni takriban. Mimi yangu inajua, kwa sababu wewe uliniambia, ukiwa umekaa pale chini na mimi kwenye ndoo."

Nilikaa. Yaani kila nilipowabana manesi waandike zaidi, nilikuwa naiongezea mashine katoni. Stoo chafu, isiyoandika kitu, ingeonekana tupu na ingeletewa mzigo. Ya kwangu ilionekana imejaa kwa sababu tulikuwa hatufuti. Sijawahi kuichukia kazi yangu mpaka saa ile.

Tukaingia kwa Mkurugenzi watatu, mimi, mama wa takwimu na Sista, bila kubisha hodi. Nilikuwa na karatasi mbili mkononi, ile ya 8 na ile ya 137, pamoja na maombi yangu mawili yenye muhuri mwekundu. Sista ndiye aliyeanza. Alisema filta zimebaki mia moja tisini na mbili, wagonjwa ni ishirini na sita, mzigo haujaagizwa.

Mkurugenzi aliangalia karatasi zote mbili. Kisha akauliza kitu ambacho nitakufa nacho. Aliuliza, "Kwa nini sikuambiwa mapema?"

Nikaweka maombi yangu mawili mezani, muhuri juu. Saini ilikuwa yake.

Fasta hakuona haya. Alisema Kitafutio hakijakosea popote, kiliulizwa neno filta limo kwenye hati ngapi, kikajibu.

"Na nani alikuwa anataka kujua neno limo kwenye hati ngapi?" nikamuuliza. "Taja mtu mmoja katika hospitali hii anayesafishwa damu kwa neno."

Mama wa takwimu akasema mashine haikuiba na haikudanganya, ila wao wameiuliza swali la kutafuta na kulisoma jibu kama la kuhesabu, na kwamba hili angeweza kuwaeleza kwa dakika moja kama wangemuuliza kabla ya kumhamisha. Mkurugenzi alimwambia hapa si mahali pa kulaumiana.

Mzigo uliagizwa siku hiyo hiyo, kwa haraka, kwa simu na barua na kubembeleza. Wenye mzigo walisema watajitahidi ufike kabla ya wiki sita, lakini siku hawakuitaja. Mimi nilirudishiwa funguo na barua ya mistari miwili isemayo suala limefungwa. Neno samahani halikuwemo, nililitafuta.

Sista alikaa na daktari wakapanga. Wiki mbili za kwanza, kila mgonjwa zamu mbili badala ya tatu. Baada ya hapo, moja moja, mpaka gari lifike. Filta kumi ziliwekwa kando kwa watakaozidiwa. Mimi nilizipanga rafuni kwa wiki, kila moja na hati yenye jina la mgonjwa na siku yake. Nilizipanga vizuri. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya.

Mtu asiyesafishwa damu hujaa maji. Huanza miguuni, kisha usoni, kisha anashindwa kulala chali. Daktari aliwapunguzia wote maji ya kunywa mpaka vikombe viwili kwa siku, na nikawa naona watu wazima kwenye benchi wananyonya vipande vya barafu kama watoto. Kulikuwa na dereva mstaafu wa lori, kiti cha nne, mtu wa utani, aliyekuwa akimwita dada yangu mchumba. Alifariki wiki ya tatu, kabla zamu yake haijafika. Wiki ya nne akafariki mwalimu wa hesabu, siku moja baada ya zamu yake, na mwishoni mwa wiki hiyo filta kumi za dharura zikaisha. Za wale wawili ziligawiwa kwa wengine waliozidiwa. Kila filta ilikuwa na mtu, na kila mtu nilimjua sura.

Jumatatu ya wiki ya tano dada alikuja stoo. Alikuwa amevaa kandambili za mke wangu kwa sababu viatu vyake havikumwingia. Uso ulikuwa umemjaa, macho yamekuwa mistari. Aliegemea mlango kama kawaida yake.

"Mdogo wangu," akasema, "mwizi umeshaitwa. Si uibe basi hata moja, jina lisiende bure."

Nilisubiri acheke. Hakucheka, alinitazama tu.

Filta yake ilikuwepo. Ilikuwa rafu ya pili, hati imeandikwa Ijumaa. Nilipanda kwa Sista, nikamwomba amsogeze mbele, afanyiwe siku ile. Sista hakukataa. Alinieleza tu kwamba akiitumia leo, hakuna nyingine mpaka gari, na gari halina tarehe; akiisubiri Ijumaa, ataivuka wiki. Alimpima presha, akasikiliza kifua, akasema bado anahimili, kuna watatu walio hoi zaidi yake. Akaniuliza mimi nasemaje, kwa sababu mimi ndiye ndugu. Nilisema tusubiri Ijumaa. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, na hilo nimeliandikia hati yake kichwani, halifutiki.

Nilishuka nikamwambia dada, Ijumaa, ipo, nimeiandika mwenyewe. Akasema sawa. Akaniambia nichane nywele, nimekuwa kama mwendawazimu.

Jumatano saa nne asubuhi alikuwa kwenye cherehani akimalizia pindo la sketi ya shule. Mke wangu alisikia mlio wa cherehani ukisimama na hakusikia ukianza tena. Daktari alisema ni chumvi za damu, zikizidi zinasimamisha moyo ghafla, na kwamba hakuumia. Sijui amejuaje.

Ijumaa filta yake ilitumika kwa mwanamke wa kiti cha sita. Niliitoa mimi, nikaandika hati mpya, jina jipya. Jumamosi gari likafika.

Fasta yuko hospitali nyingine sasa, nasikia amepandishwa cheo. Mama wa takwimu amerudishiwa meza yake. Skrini ya ukutani haijaondolewa. Wageni bado wanatikisa vichwa.

Watu wananiambia niache, yamepita. Sawa, basi hesabu ndiyo hii, na mtu yeyote anaweza kuja stoo kuihakiki kwenye hati.

Wiki tano. Zamu zilizokuwa kwenye ratiba, mia tatu na tisini. Zilizofanyika, mia moja tisini na mbili. Ambazo hazikufanyika, mia moja tisini na nane. Wagonjwa wa kitengo siku mzigo unaagizwa, ishirini na sita. Siku gari linafika, ishirini na watatu. Katoni zilizoibwa, hakuna. Dada yangu, mpaka asubuhi ile ya Jumatano, alipaswa kuwa amepata zamu kumi na tatu. Alikuwa amepata sita. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na sketi kumi na moja za shule zilizokuwa bado hazijapindwa.